Roboti Halichezi Rede

Kijana wa bodaboda alifika kijiweni simu ikiwa mkononi, hata salamu hakuimaliza. "Shikamooni wazee. Cheki hii kitu. Walimu kwishnei!" Tukajisogeza. Kwenye kioo, roboti dogo jeupe limechuchumaa sakafuni, macho yake yanabadilika rangi, na mbele yake amekaa mtoto wa Kizungu wa miaka mitano hivi. Roboti linataja jina la tembo kwa Kiingereza, linapeleka mkono usoni na kuuchezesha uwe mkonga. Mtoto anacheka mpaka anajishika tumbo. Kisha anagusa picha kwenye tableti iliyo kati yao, roboti linampongeza, video inakwisha.

Nikasonya. Tena kwa sauti, mpaka muuza kahawa akageuka na birika lake kuangalia nani kamkera mwenzake.

Roboti lenyewe halikunikera. Ni kazi ya watu walioumiza vichwa, na anayelidharau hajui ugumu wa kuifanya mashine ichuchumae bila kudondoka. Kilichonisonyesha ni hilo "kwishnei". Tena kilichonisonyesha zaidi ni mama wa mitumba, ambaye meza yake iko hatua chache kutoka benchi letu hapa Levolosi, Arusha. Aliacha wateja wake, akaja kuchungulia, halafu akatoa kwenye pochi karatasi iliyokunjwa mara nne. Shule moja ya mchepuo wa Kiingereza, anakosoma mwanawe wa awali, imewatangazia wazazi kwamba mwaka ujao watoto watafundishwa Kiingereza na roboti. Ada nayo inapanda. "Kaka zangu, nyie mnaosoma magazeti," akasema, "hii ni kweli, au wanatuchuna tu?"

Huyu ni mtu anayeamka saa kumi usiku kuwahi kufunguliwa kwa marobota. Hafai kujibiwa kwa mzaha. Kwa hiyo tukajadili kwa dhati, na niliyoyasema pale nayaandika hapa kwa mapana, maana akina mama wenye karatasi hizo ni wengi katika jiji hili.

Roboti la kwenye video linaitwa NAO. Lina kimo cha sentimita 58, liliundwa na kampuni ya Kifaransa iitwayo Aldebaran, na bei yake inahesabiwa kwa maelfu ya dola. Kati ya mwaka 2016 na 2018 vyuo vikuu kadhaa vya Ulaya, vikiwemo Tilburg na Utrecht vya Uholanzi, viliendesha mradi ulioitwa L2TOR kwa fedha za Umoja wa Ulaya, ili kupata jibu la swali lile lile la mama wa mitumba: je, mtoto mdogo anaweza kufundishwa lugha ya pili na roboti? Walichukua watoto 194 wa Kiholanzi wa chekechea, wakawafundisha maneno 34 ya Kiingereza katika vipindi saba. Wengine walifundishwa na roboti linalopiga ishara za mikono, pamoja na tableti. Wengine roboti lisilopiga ishara, pamoja na tableti. Kundi la tatu likapewa tableti peke yake, roboti halipo kabisa. Na kundi la nne halikufundishwa maneno hayo, lilicheza dansi na roboti tu ili nalo lisione limenyimwa.

Waliofundishwa walijua maneno mengi kuliko waliocheza dansi. Hilo sawa. Lakini makundi yale matatu yalipolinganishwa, yalikuwa sawasawa. Mkonga wa tembo haukuongeza kitu. Roboti lenyewe halikuongeza kitu juu ya tableti.

Fundi viatu akasimamisha sindano. "Ngoja. Unataka kuniambia yale maelfu ya dola yote, na tableti peke yake ilitosha?"

Kwa maneno yale 34, ilitosha. Na sababu mojawapo ukiisikia utasonya na wewe. Roboti halikuweza kumsikia mtoto. Programu za kutambua sauti zilizokuwepo zilijengwa kwa sauti za watu wazima. Sauti ya mtoto ni nyembamba, inapanda na kushuka, anakata neno katikati, anaanza upya, anaongea huku anageuka kumwangalia rafiki yake. Mashine ilichanganyikiwa. Ndiyo maana ikawekwa tableti katikati: mtoto asijibu kwa mdomo, aguse picha. Mtoto yuko kwenye somo la lugha, na hakuna anayesikiliza anachokisema.

Nataka mwenzangu msomaji aliweke hilo mbele yake kabla hatujaendelea. Usikubali macho ya rangi yakusahaulishe.

Watafiti wa mambo haya wana utaratibu mzuri wa kutenganisha vitu viwili ambavyo sisi wazazi tunavichanganya kila siku. Kuna mtoto kuvutiwa na roboti, na kuna mtoto kuzama katika kazi aliyopewa. Macho yake yakiwa kwenye roboti, anatabasamu, anataka kuligusa kichwa, sisi tunasema: "Ona anavyojifunza!" Wala. Huenda anavutiwa tu. Anayezama katika kazi utamwona anakunja uso, anarudia neno chinichini, anauliza, anakosea na kurekebisha. Vitu hivi viwili vinaweza kwenda pamoja, na vinaweza kuachana kabisa. Na lile la kwanza, la kuvutiwa, lina tabia ya kuisha.

Wajapani waliliona mapema. Kabla ya mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na Takayuki Kanda waliweka maroboti mawili yaitwayo Robovie katika shule ya msingi huko Wakayama. Maroboti yalikuwa yanazungumza Kiingereza, na watoto walivaa vitambulisho vyenye chombo cha mawimbi ili roboti limjue kila mmoja kwa jina. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu: watoto wa darasa la kwanza na la sita wameyazonga, kila mmoja anataka aitwe jina lake. Wiki ya pili korido ikawa nyeupe. Wameyazoea, wameyachoka, wamerudi kwenye michezo yao. Wale wachache walioendelea kuyafuata ndio ambao Kiingereza chao kilionyesha kusogea.

"Wiki mbili!" kijana wa bodaboda akashangaa. Ndiyo, mdogo wangu. Na ada ya mwaka imeshalipwa.

Lakini kisa ambacho hakijanitoka kichwani tangu nilipokisoma ni cha Korea Kusini. Mwishoni mwa mwaka 2010, jiji la Daegu lilipeleka maroboti 29 katika shule zake za msingi kufundisha Kiingereza. Yaliitwa Engkey, yana umbo la yai, urefu kama mita moja, yanajiviringisha darasani kwa magurudumu, yanacheza muziki, yanaimba na watoto. Usoni pana kioo, na kwenye kioo inaonekana sura ya mwanamke wa Kizungu. Magazeti ya dunia yakaandika: roboti limekuwa mwalimu. Kumbe sauti inayotoka mle ndani ilikuwa ya mwalimu wa kweli, binadamu, aliyekaa Ufilipino mbele ya kamera, anayeona watoto na kuongea nao kupitia ile mashine. Alitafutwa Ufilipino kwa sababu kule Kiingereza kinasemwa vizuri na mshahara ni mdogo. Uso wake ukafichwa, ukawekwa wa Kizungu.

Hapo kijiwe kizima kilisonya, hakukubaki mtu. Mimi hasira yangu iko hapa hapa mpaka leo. Kazi ilifanywa na mwalimu. Kusikiliza kulifanywa na mwalimu. Mtoto aliposema neno vibaya, aliyelisikia na kumrudisha taratibu ni mwalimu. Sifa zikaenda kwa lile yai.

Sasa rudini hapa kwetu, nieleze kwa nini nalishika jambo hili kwa nguvu hivi.

Nyuma ya safu ya meza za mitumba kuna kiwanja kidogo cha vumbi, jioni watoto wanacheza rede pale. Mwanzoni mwa mwaka akaja binti mdogo, umri wa kwenda awali, kaletwa na shangazi yake kutoka upande wa Oljoro. Anajua Kimaasai tu. Kiswahili hana hata cha kuombea maji. Siku za mwanzo alisimama pembeni, kidole mdomoni, shuka lake limefungwa begani. Wenzake wanapanga mchezo: wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi, mmoja yuko katikati anakwepa mpira huku anajaza mchanga kwenye chupa. Binti anaangalia. Hatimaye wakamvuta mkono wakamwingiza katikati, akapigwa na mpira mgongoni, wakapiga kelele wote: "Umekufa! Toka!" Hakuelewa. Akabaki anaendelea kujaza mchanga. Msichana mkubwa kidogo akaja, akamshika mabega, akamgeuza, akamwonyesha alama ya vumbi mgongoni, akasema tena polepole: "Umekufa." Akamtoa nje ya mstari.

Basi "umekufa" likawa neno lake la kwanza la Kiswahili. La pili lilikuwa "bado", maana alipoonewa alihitaji kujitetea. Halafu "zamu yangu". Halafu "muongo". Kila neno alilipata siku alipolihitaji, na alipolisema vibaya wenzake walicheka, wakalirudia vizuri, mchezo ukaendelea. Mvua za masika zilipokatika alikuwa anagombana kwa sentensi ndefu, na shangazi yake ananiambia nyumbani anamsahihisha hata yeye. Hakuna aliyemfundisha kwa ratiba. Lakini kila alichosema kilijibiwa, na kila alichojibiwa kilimlazimu afanye kitu: atoke, angoje, arushe, abishe.

Hili si jambo la kiwanjani kwetu tu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walichapisha utafiti juu ya watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa. Waliwakutanisha na Kichina mara 12. Kundi moja lilikaa na mtu mzima anayeongea Kichina, anawasomea, anacheza nao chini. Kundi jingine likapewa watu wale wale, maneno yale yale, ila kwa video au kwa sauti peke yake. Waliokaa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliotazama video hawakupata kitu, wakawa sawa na ambao hawajawahi kukisikia Kichina kabisa. Miezi tisa, bado ananyonya, na tayari anajua nani anaongea naye na nani anaongea tu.

Katika benchi letu kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alifundisha shule za msingi pande za Ngarenaro na Kaloleni miaka mingi. Alikuwa kimya muda wote. Alipofungua mdomo alinipinga, na kupinga kwake kulikuwa na uzito.

"Wewe unazungumza habari ya Kiswahili," akasema. "Kiswahili kipo kiwanjani. Mtoto akitoka nje anakikuta. Kiingereza atakikuta kwa nani? Hapa Levolosi nani anacheza rede kwa Kiingereza? Mwalimu wake mwenyewe hakisemi, kwa sababu na yeye alifundishwa na asiyekisema. Angalau roboti linatamka sawasawa."

Mwalimu, nakuheshimu, na hapo umegusa penyewe. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umekiteremsha Kiingereza mpaka darasa la kwanza. Kabla yake kilianzia darasa la tatu, yule wa madarasa mawili ya mwanzo akaachiwa kusoma, kuandika na kuhesabu kwanza. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu enzi za Azimio la Arusha, halafu mtoto akivuka kwenda sekondari anakuta Fizikia na Jiografia zimegeuka Kiingereza siku moja. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa ya chini yamefurika. Mwalimu mmoja wa darasa la kwanza anasimama mbele ya umati, anasalimu, umati unaitika kwa wimbo: "Gudi moning ticha!" Saa nane mchana wanaitika hivyo hivyo. Mtoto anaweza kumaliza mwaka mzima bila kusema sentensi moja ya Kiingereza peke yake, mtu mmoja akimsikiliza yeye peke yake.

Na hili ni jiji ambalo Kiingereza ni mkate. Watalii wanatua hapa wakienda Serengeti na Ngorongoro. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ipo hapa. Vijana wa kubeba mizigo Mlima Meru na Kilimanjaro wanajua tofauti ya kipato kati ya mpagazi na kiongozi wa msafara, na tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ni lugha. Mzazi anayetaka mwanawe apate Kiingereza hana ujinga wowote. Ana haki, na ana haraka.

Kwa hiyo, Mwalimu, sisemi mashine zitupwe. Ninayo mifano miwili ya hapa hapa nchini, na yote inanipa moyo.

Mwisho wa mwaka 2017 mashindano ya Global Learning XPRIZE yalipeleka tableti zilizotolewa na Google kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 hivi vya mkoa wa Tanga. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali yetu walishiriki. Asilimia 74 ya watoto wale walikuwa hawajawahi kusoma shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Programu tano za kujifunzia ziliingia fainali, na mojawapo, kutoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliitwa RoboTutor, ingawa haikuwa na mkono wala mguu. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilishuka kwa nusu. Mei 2019 mbili kati ya hizo tano, Kitkit School na onebillion, zikagawana zawadi ya dola milioni 10. Ni jambo kubwa, na litajwe kwa heshima. Ila angalieni lilivyofanyika: masomo yalikuwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto anaikuta mdomoni mwa wenzake. Kila kijiji kilikuwa na mama aliyekabidhiwa kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua. Na wale waliobaki, nusu ile nyingine, walimaliza miezi 15 na tableti mkononi na bado hawasomi.

Mfano wa pili ni Akili, yule msichana wa katuni wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, aliyetengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo. Watoto wetu wanamjua kuliko wanavyowajua wajomba zao. Mkoani Morogoro watafiti waliwalinganisha watoto 568 wa awali, wengine wakitazama Akili, wengine wakitazama vipindi vingine vya watoto. Waliomtazama Akili walisogea katika kuhesabu, maumbo, kuchora, na ndiyo, Mwalimu, katika Kiingereza pia. Katuni tu. Haikuhitaji macho yanayobadilika rangi.

Nikamwambia mzee: matamshi mazuri tunaweza kuyapata kwa spika ya bei ya kuku wawili. Tunachokikosa ni mtu mzima mwenye nafasi ya kukaa na watoto sita, saba, akawauliza kwa Kiingereza rahisi, akangoja wajibu, wakakosea, akacheka nao, akarudia. Mashine inaweza kumpumzisha huyo mtu kazi ya kurudia maneno, ili yeye apate muda wa kusikiliza. Mzee akatafakari. "Basi anza na mwalimu," akasema. "Mfundishe yeye Kiingereza kwanza, umpunguzie watoto, halafu ndiyo umletee spika yako." Hapo tukakubaliana, na kwa mzee yule kukubaliana na mtu si jambo jepesi.

Kuna kitu kingine nilimwambia mama wa mitumba, na nilimwambia kwa sauti ya chini kwa sababu mwanawe alikuwa amemshika gauni. Huko Marekani kampuni moja iliitwa Embodied. Iliuza roboti dogo la bluu, Moxie, kwa dola 799, kwa ajili ya watoto wa miaka mitano hadi kumi. Liliwaita kwa majina, liliwauliza habari za shule, liliwasikiliza huzuni zao. Tofauti na NAO, hili liliweza kusikia, lakini akili yake yote ilikuwa kwenye mitambo ya mbali, inafikiwa kwa intaneti. Desemba 2024 fedha za kampuni zikakauka. Wazazi wakaandikiwa kwamba roboti litanyamaza, tena wakapewa barua ya kuwasomea watoto, kuwaeleza kwa nini rafiki yao hatajibu tena. Video za watoto wanaolia zikasambaa. Baadaye ikapatikana njia ya wajuzi kuendelea kuliwasha, ila mzazi wa kawaida njia hiyo ataiwezea wapi? Na Aldebaran, mama wa lile NAO la kwenye video yetu, nayo ikafilisika mwaka 2025.

Mtoto wa miaka mitano hatofautishi sana kati ya chombo na mtu anapopenda. Hapendi nusu. Ukimpa kitu kinachojua jina lake, jua umempa kitu cha kumliza siku kitakapozimwa, na siku hiyo haiamuliwi na wewe wala na mwalimu mkuu. Inaamuliwa na watu walioko ng'ambo wanaoangalia hesabu. Mimi hili linaniuma kuliko habari ya ada.

Kijana wa bodaboda hakuwa ameridhika. Akasema teknolojia inakimbia, hayo maroboti ya Uholanzi ni ya zamani, siku hizi mashine zinasikia, zinajibu, zinajua hata Kiswahili cha Chuga, yaani cha Arusha yetu hii. Ni kweli, zimesogea sana. Kesho zitasogea tena. Lakini nilimuuliza swali ambalo hakulijibu, na mimi pia sina jibu lake: yule binti wa Oljoro, mashine gani imetengenezwa kwa ajili yake? Kwake Kiswahili ndicho lugha ya pili, na Kiingereza ni ya tatu. Wapo wengi hapa. Wamo Waarusha wa Ngaramtoni wanaongea Kimaasai nyumbani, wamo Wameru wa huko juu Poli na Nkoaranga, wamo waliokuja na Kiiraqw chao kutoka Karatu. Wanaingia awali, mwalimu anaongea Kiswahili, wanakaa nyuma wanaitwa wazito. Hakuna kipeperushi kinachowataja. Hakuna anayepandisha ada kwa ajili yao. Ikiwa kuna fedha za kununua kitu kipya cha lugha katika mkoa huu, mimi ningezitoa kwa msaidizi mmoja kwa kila darasa la awali, binti au mama wa mtaa ule ule anayejua lugha ya watoto wale, akae nao chini sakafuni asubuhi ile ya kwanza na kuwaambia kwa lugha yao choo kiko wapi.

Muuza kahawa akasema huyo msaidizi yupo, ni dada yake, ana cheti na hana ajira. Hakucheka mtu.

Mama wa mitumba alikuwa anaikunja ile karatasi yake tena, mara nne. Kikao cha wazazi ni Jumamosi. Alitaka aende na maswali, si malalamiko, kwa hiyo tukamtungia pale pale, fundi viatu akiandika kwa kalamu ya kuwekea alama soli. Roboti hilo linasikia sauti ya mtoto, au mtoto atagusa picha tu? Kila mtoto atakaa nalo dakika ngapi kwa wiki, na wengine watakuwa wanafanya nini? Likiharibika nani analitengeneza, hapa Arusha au mpaka lisafirishwe? Sauti za watoto wetu zinahifadhiwa wapi, na nani ana ruhusa ya kuzisikiliza? Kampuni ikifungwa, nyongeza ya ada inarudi? Fundi akauliza kama yametosha. Mama akasema liongezwe moja lake mwenyewe, liandikwe la kwanza, juu kabisa: yule mwalimu wa awali aliyepo sasa, anayemjua mwanangu mpaka namna anavyolia, ameshalipwa mshahara wa mwezi uliopita?